Jina, Lakabu na Cheo: Asili ya Majina ya Waingereza

Kabla ya Wanormani kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, karibu kila Mwingereza alikuwa na jina moja tu. Jina la ukoo halikuwepo, na haikuwa desturi kumpa mtoto jina la babu yake. Waanglo-Saksoni walikuwa na akiba ya maneno mafupi waliyoyaunga mawili mawili ili kupata jina jipya: "æthel" la uungwana, "ead" la ustawi, "wulf" la mbwa mwitu, "ræd" la shauri, "weard" la mlinzi, "stan" la jiwe. Undugu ulionekana kwa kurudiwa kwa vipande hivyo. Æthelwulf, mfalme wa Wessex aliyefariki mwaka 858, aliwaita wanawe Æthelstan, Æthelbald, Æthelberht na Æthelred, na kitinda mimba wao alikuwa Alfred, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899. Wulfstan, askofu wa Worcester kuanzia 1062 hadi 1095, alizaliwa na Æthelstan na Wulfgifu. Jina lake lilianza na kipande cha mama na kuishia na kipande cha baba. Vipande hivyo vikisomwa pamoja ni mbwa mwitu na jiwe, maana isiyosimama, lakini hakuna aliyeitafuta maana. Kilichotakiwa ni mtoto ajulikane amezaliwa na nani.

Lakabu zilikuwepo, na zinazokumbukwa zaidi ni za wafalme. Edmund, aliyetawala kwa miezi michache mwaka 1016, aliitwa Ubavu wa Chuma. Harold aliyefariki mwaka 1040 aliitwa Mguu wa Sungura. Kali kuliko zote ni ile ya Æthelred, aliyetawala kuanzia 978 hadi 1016 na kushindwa kuwazuia Wadenmaki. Jina lake lilimaanisha shauri la kiungwana, na watu wakalipachika neno "Unræd", yaani asiye na shauri. Lakabu hii inaonekana katika maandishi zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Kwa historia ya majina, jambo kubwa ni kwamba lakabu hizi zilikufa na wenyewe. Mwana wa mtu aliyeitwa Mguu wa Sungura hakuzaliwa na jina hilo, wala hakuwa na haki nalo.

Ushindi wa Wanormani ulivunja utaratibu huo. Mabwana wapya walikuja na majina machache yaliyokwisha kamilika: William, Robert, Richard, Roger, Hugh, Henry. Baadaye Kanisa liliongeza nguvu ya majina ya watakatifu kama John, Thomas na Peter. Wazazi wa Kiingereza, pengine kwa kutaka kuwaridhisha wenye ardhi, pengine kwa kufuata mtindo tu, walianza kuwaita watoto wao majina hayo, na baada ya vizazi vichache majina mengi ya Kisaksoni yakawa yametoweka. Edward na Edmund yalinusurika kwa sababu wafalme wawili wenye majina hayo walihesabiwa kuwa watakatifu. Mfalme Henry III, mcha Mungu aliyewaenzi sana, alimwita mwanawe wa mwaka 1239 Edward, na wa mwaka 1245 Edmund.

Kilichofuata ni uhaba wa majina. Kufikia karne ya 14, John, William, Thomas, Richard na Robert yalikuwa yamechukua sehemu kubwa ya wanaume wa Uingereza. Katika kijiji ambamo kila mlango una John wake, jina halimtambulishi mtu. Watu wa kawaida walitatua tatizo hilo kwa njia mbili, na kutoka katika njia hizo yalizaliwa majina ya Waingereza wa leo.

Njia ya kwanza ilikuwa kulikata jina na kuligeuza. Anayemwita Abdallah Dula, au Mohamedi Mudi, anaijua kazi hii vizuri. Waingereza wa zama hizo waliifanya kwa ufundi wa pekee: walikata jina, kisha wakabadilisha herufi ya mwanzo ili lipatane kwa sauti. Robert akawa Rob, halafu Hob na Dob. Roger akawa Hodge na Dodge. Richard akawa Dick na Hick, Walter akawa Wat, Margaret akawa Meg kisha Peg, Mary akawa Moll na baadaye Poll. Edward akawa Ned, kwa sababu mama aliyesema "mine Ed", yaani Ed wangu, alisikika akiivuta n ya neno la kwanza hadi kwenye jina. Herufi hiyohiyo ililibadili hata neno la Kiingereza la lakabu. Zamani lakabu iliitwa "eke name", jina la ziada. Likitanguliwa na "an" katika mazungumzo ya haraka, n ikahama, na kufikia karne ya 15 likaandikwa kwa n mwanzoni. Ndilo "nickname" la leo.

Njia ya pili ilikuwa kuongeza neno la kumwelezea mtu: John wa kilimani, John mhunzi, John mwana wa Hob, John mwekundu. Neno hilo halikuwa mali ya mwenyewe bali la majirani waliomtaja. Mtu mmoja angeweza kuandikwa kwa kazi yake katika hati moja na kwa mahali anapokaa katika hati nyingine, bila yeyote kuona kosa. Haya ndiyo maneno yaliyokuja kuganda yakawa majina ya ukoo, na kila moja limebeba habari ya mtu wa kawaida ambaye historia isingemkumbuka kwa namna nyingine.

Waliotangulia kuyarithisha ni wakubwa. Wengi wa mabwana wa Kinormani walioandikwa katika kitabu cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086, Domesday, walijulikana kwa vijiji vyao vya ng'ambo: Warenne, Montgomery, Percy. Mwana aliporithi ardhi alirithi na jina, maana jina lilikuwa sehemu ya ushahidi wa milki. Kwa wakulima na mafundi jambo hilo lilichukua muda mrefu zaidi. Kusini mwa nchi familia nyingi zilikuwa na jina la kurithi kufikia katikati ya karne ya 14. Kaskazini ilikuwa karne moja baadaye, na huko baadhi ya watu walibaki wakiitwa kwa jina la baba tu.

Majina ya kazi ndiyo yenye utajiri mkubwa. Smith, mhunzi, limekuwa jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uingereza, kwa kuwa hapakuwa na eneo lililoweza kuishi bila mtu wa kufua majembe na viatu vya farasi. Clark ni karani, Chapman ni mchuuzi, Cooper ni fundi mapipa, Thatcher ni mwezekaji, Fletcher ni mtengeneza mishale. Kazi moja ingeweza kuwa na majina matatu kwa kufuata eneo. Nguo mpya ya sufu ilipotoka kwa mfumaji ilihitaji kulowekwa na kukanyagwa hadi nyuzi zishikane. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa Fuller kusini mashariki, Tucker kusini magharibi, na Walker kaskazini. Kwa hiyo mwenye jina Tucker anaweza kukisia, kwa uhakika wa kuridhisha, kwamba wazee wake walitoka upande wa Devon na Somerset. Webster, Baxter na Brewster, yaani mfumaji, mwokaji na mpika pombe, yana kimalizio ambacho zamani kilikuwa cha wanawake. Ni ushahidi wa kazi zilizokuwa mikononi mwao kabla hazijahesabiwa kuwa za wanaume.

Majina ya mahali yalikuwa ya aina mbili. Aliyehamia mjini aliitwa kwa kijiji alichotoka, na aliyebaki kijijini aliitwa kwa alama iliyo karibu na nyumba yake: Hill, Wood, Green, Brook. Aliyekaa penye mti uitwao "ash" alisemwa kuwa "atten ash", na n ile ile ikahama tena, akawa Nash. Wageni waliitwa kwa taifa lao, ndiyo maana Uingereza ina akina Scott, French, Fleming na Walsh.

Majina ya baba nayo yaligawanyika kwa eneo. Kaskazini na katika nyanda za chini za Uskoti watu walipenda kuongeza "son", yaani mwana. Kusini na magharibi walitosheka na s. Robert mmoja amezaa Robertson, Roberts, Robson, Hobson, Hobbs, Dobson na Hopkins. Richard amezaa Dixon na Hickson. Majina ya mama hayakukosekana: Ibbotson limetokana na Isabel, Tillotson na Matilda. Si lazima mtoto awe amezaliwa nje ya ndoa. Mama mjane aliyeshika ardhi au duka ndiye aliyejulikana na majirani, na watoto wakatajwa kwake.

Lakabu za umbo na tabia ndizo zilizobaki na sauti ya kijiji. Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu, Cruikshank ni mwenye miguu iliyopinda, Russell ni mwekundu wa nywele, Drinkwater ni mnywaji wa maji. Shakespeare ni mtikisa mkuki. King, Bishop na Pope hawakuwa wafalme, maaskofu wala mapapa. Wapo walioitwa hivyo kwa kuigiza nafasi hizo katika michezo ya sikukuu, na wapo waliokuwa watumishi wa nyumba za wakubwa hao.

Dalili ya kwamba jina limeganda ni pale lilipoacha kusema kweli. Geoffrey Chaucer, mshairi mkuu wa Uingereza wa karne ya 14, alikuwa na jina la Kifaransa la mshona viatu. Lakini baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, na babu yake pia. Jina lilikuwa limeachana na kazi.

Kilichoyagandisha kwa haraka zaidi kilikuwa kalamu ya karani. Kodi ya kichwa ilitozwa mwaka 1377, ikarudiwa 1379 na 1381, na orodha zake zilihitaji kumtofautisha kila mlipaji. Mwaka 1381 kodi hiyo ilizusha uasi wa wakulima, na kiongozi wake anakumbukwa kwa jina linalobeba historia hii nzima: Wat Tyler, Walter aliyekatwa jina, pamoja na kazi ya kuezeka vigae. Mwaka 1413 sheria iliagiza kwamba katika hati za aina kadhaa za mashtaka mshtakiwa atajwe kwa jina, hadhi au kazi, na mahali anapokaa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo jina la mtoto liliandikwa chini ya jina la baba, wiki baada ya wiki, na vitabu vingi vya wakati huo vinasomeka hadi leo. Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 uandikishaji huo ulikuwa wa serikali kwa Uingereza na Welisi. Pamoja na hayo yote, sheria ya Kiingereza haikumfunga mtu kwenye jina lake: anayetaka kulibadili aweza kufanya hivyo bila ruhusa, mradi hana nia ya kudanganya.

Welisi ilipata mambo hayo kwa kulazimika. Huko mtu alitaja nasaba yake kwa "ap", mwana wa, kizazi juu ya kizazi, kama Waarabu wanavyotumia "bin". Baada ya sheria za 1536 na 1543 kuiunganisha nchi hiyo na Uingereza, mahakama na makarani walitaka jina moja la kudumu. Ap Rhys likawa Price, ap Hywel likawa Powell, ab Owen likawa Bowen. Wengine waliongeza s kwa jina la baba, na kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa machache, nchi nzima ikajaa akina Jones, Williams, Davies na Evans. Wakabaki na shida ileile ya akina John wa karne ya 14, na wakaitatua kwa lakabu za kazi na nyumba, ambazo zingali zikitumika vijijini.

Mwanamke aliolewa akaliacha jina lake. William Camden, aliyechapisha mwaka 1605 uchunguzi wa kwanza wa maana juu ya majina ya Waingereza, alieleza kwamba wake wa Kiingereza huchukua jina la mume, na akataja kwamba wanawake wenye hadhi wa Ufaransa na Uholanzi hubaki na lao. Chanzo ni sheria: mke hakuhesabiwa kuwa na milki au kesi iliyojitenga na ya mumewe. Lucy Stone wa Massachusetts, Marekani, aliolewa mwaka 1855 na kukataa kubadili jina. Mwaka 1879, wanawake wa jimbo hilo waliporuhusiwa kupiga kura za kamati za shule, maofisa walidai ajiandikishe kwa jina la mume. Alikataa, akaikosa kura ambayo alikuwa ameipigania kwa miaka mingi.

Kwa Waafrika waliouzwa utumwani katika makoloni ya Kiingereza, jina lilikuwa la kwanza kunyang'anywa. Wamiliki waliwapa jina moja bila ukoo, mara nyingi la Kirumi kama Caesar, Pompey au Scipio. Hata hivyo majina ya siku za juma ya Waakan wa Afrika Magharibi yalidumu katika visiwa vya Karibi: kiongozi wa Wamaroon (watumwa waliotoroka) wa Jamaika aliyewalazimisha Waingereza kutia saini mkataba mwaka 1739 aliitwa Cudjoe, ambalo ni Kojo, mtoto wa Jumatatu. Frederick Douglass alizaliwa Bailey, akatoroka utumwa mwaka 1838, na kwa usalama akachukua jina jipya kutoka katika utenzi wa Walter Scott. Historia hiyo imegusa pia Afrika Mashariki. Kijana Myao aliyeokolewa na meli ya Waingereza na kusomeshwa na wamisionari Nasik, India, aliitwa Jacob Wainwright. Jina hilo la ukoo ni la fundi wa magari ya kukokotwa ya Uingereza ya kale. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Ni yeye aliyechonga maandishi kwenye mti alipofia mvumbuzi David Livingstone mwaka 1873, akaisindikiza maiti hadi London, na mwezi Aprili 1874 akawa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza katika kanisa la Westminster.

Vyeo vilipita njia iliyo kinyume na ya majina. Jina lilitoka chini likapanda hadi kwenye hati. Cheo kilitoka juu kikateremka. "Lord" lilianza kama "hlafweard", mlinzi wa mkate, na "lady" kama mkandaji wa unga: maneno ya nyumba yenye kulisha watu wake. Safu ya vyeo vya kurithi ilijengwa polepole. Earl kilitoka kwa Wadenmaki kabla ya Wanormani, nao wakakidumisha, ila mke wa Earl wakamwita kwa Kifaransa, Countess. Duke wa kwanza wa Uingereza alikuwa mwana wa Edward III, aliyepewa Cornwall mwaka 1337. Marquess alifuata 1385 na Viscount 1440. Mwaka 1611 James I, akiwa na shida ya fedha, alianzisha cheo cha Baronet na kukiuza kwa pauni 1,095, gharama ya kuwaweka askari 30 Ireland kwa miaka mitatu. "Sir" huambatana na jina la ubatizo: Newton, aliyepewa heshima hiyo mwaka 1705, ni Sir Isaac, kamwe si Sir Newton. Ni desturi iliyobaki kutoka wakati ambapo jina la pili lilikuwa bado si jina hasa.

Kwa watu wa kati neno lilikuwa "master". William Harrison, aliyeieleza nchi yake mwaka 1577, alisema kwamba yeyote awezaye kuishi bila kazi ya mikono na kujitunza kama muungwana ataitwa hivyo. Chini yake walikuwa "goodman" na mkewe "goodwife". Tofauti hizo zililindwa kwa ukali hata ng'ambo. Mwaka 1631 mahakama ya Massachusetts ilimpata mlowezi mmoja na hatia ya kuwaibia Wahindi Wekundu mahindi. Pamoja na kumtoza faini na fidia, iliamuru aitwe Josias tu, bila "Mr", kifupi cha "master", alichokuwa akiitwa. Upinzani ulitoka kwa Wakristo wa dhehebu la Wakweka, waliokataa tangu miaka ya 1650 kumvulia mtu kofia au kumwita kwa cheo, wakaumia magerezani kwa hilo. Katiba ya Marekani ya 1787 ilipiga marufuku vyeo vya ukabaila, na mwaka 1789, Seneti ilipopendekeza rais aitwe Mtukufu, Baraza la Wawakilishi halikukubali. Akabaki "Mr President". Neno lililokuwa la wachache likawa la kila mwanamume.

"Mistress", la mwanamke, liligawanyika. Katika karne ya 18 "Mrs" alikuwa mwanamke mwenye hadhi au biashara yake, awe ameolewa au la. Ndipo "Miss", lililokuwa la wasichana, likapanda kwa wanawake wazima wasioolewa wa tabaka la juu, na "Mrs" likasukumwa kuwa alama ya ndoa. Riwaya za Jane Austen za miaka ya 1810 zina utaratibu wote: binti mkubwa ni Miss Bennet, mdogo wake ni Miss Elizabeth, na mke wa John Dashwood ni Mrs John Dashwood, bila hata jina lake la kwanza. Pendekezo la "Ms" kwa wanawake wote lilichapishwa katika gazeti la Springfield, Massachusetts, mwaka 1901, likasahauliwa. Lilifufuliwa na watetezi wa haki za wanawake katika miaka ya 1960, likawa jina la jarida lao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na gazeti la New York Times lilianza kulitumia mwaka 1986.